Mzururaji na mtafutaji: video zinazomfuata aliyehamishwa

Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye gogo la mpingo, na kila Mzee alipogonga patasi, vumbi laini lilitua juu ya kioo. Mjukuu wake alikuwa akilipangusa kwa kidole gumba. Kwenye kioo kulikuwa na ramani ya kawaida, kama zile za ukutani darasani, na mkono wa mwanamume umeshika kalamu ya wino mzito. Uso haukuonekana. Ilisikika sauti tu ikieleza alikotoka, alikofika, alikozuiwa na njia aliyojaribu tena. Sauti inatangulia, kalamu inafuata, mstari unarefuka.

Tulikuwa Mwenge, Dar es Salaam, kwenye vibanda vya wachonga vinyago. Kazi ile ni ya Bouchra Khalili, msanii mzaliwa wa Casablanca, aliyoitengeneza kati ya 2008 na 2011 na kuiita The Mapping Journey Project. Ni video nane za watu wanane waliovuka mipaka bila karatasi, kila mmoja akichora njia yake kwa mkono wake. Kijana alikuwa na kipande kifupi tu kwenye simu, akataka babu yake akione.

Mzee alitazama hadi mwisho, akashika tena nyundo, akasema: “Kalamu inakwenda haraka mno.”

“Babu, safari yenyewe ilimchukua miaka.”

“Ndicho ninachosema.”

Nimekuwa nikilifikiria jibu hilo tangu siku ile, kwa sababu limegusa jambo ambalo sisi tunaoandika kuhusu sanaa hapa mjini tumekuwa tukilizunguka. Katika miaka ya karibuni sanaa ya video imejaa uhamisho: watu wanaotembea jangwani, mashua, masanduku, miguu peku, bahari. Sambamba na hilo, wasanii wamezoea kuuita utafutaji wao wenyewe, yaani kule kutoka studio moja kwenda nyingine na nchi moja kwenda nyingine, kwa majina yale yale: kutangatanga, kupotea, kuwa mgeni. Je, msanii anayetafuta na mtu aliyefukuzwa kwao wako kwenye njia moja? Wapo wanaosema ndiyo, na hoja yao ina uzito. Wapo wanaoona kauli hiyo kuwa ni kujivika kanzu ya msiba ambao si wako. Mimi nimeegemea upande mmoja, lakini si bila kusita, na nitaeleza ninaposita.

Kijana mwenyewe ndiye aliyeanzisha mjadala. Ana miaka 23, anapiga video za harusi na sendoff ili apate kula, na siku zinazobaki anafanya kazi zake. Anataka kujirekodi akitembea ufukweni Kigamboni kwa dakika 20, akivuta sanduku mchangani, bila neno hata moja. Anasema ni kwa ajili ya rafiki yake aliyezamia meli, akafika Afrika Kusini, akarudishwa. Mzee alipoelezwa, aliuliza swali moja tu: “Unatembea kwenda wapi?” Kijana akajibu kuwa hakuna anakokwenda, na kwamba hiyo ndiyo maana yenyewe. Mzee akanyamaza kidogo, halafu akasema, “Baba yangu hakuwa na sanduku. Alikuwa na tezo.”

Baba huyo alikuwa Mmakonde wa uwanda wa Mueda, Msumbiji, aliyevuka mto Ruvuma miaka ya 1950 kuja kukata mkonge.

Kiswahili cha Dar es Salaam kina utajiri mkubwa kwa watu wasiotulia mahali pamoja, na utajiri huo unatenda haki kuliko maelezo mengi ya ukutani kwenye maonyesho. Mkimbizi si mhamiaji, mhamiaji si mlowezi, mlowezi si mzamiaji. Mzamiaji ni neno la bandarini kabisa: ni yule anayejipenyeza ndani ya meli usiku, akakaa gizani na chupa ya maji, asijue nanga itateremshwa nchi gani. Cape Town kumekuwa na vijana wa Kitanzania walioishi miaka chini ya madaraja ya barabara karibu na bandari, wakingoja meli ya kuzamia, na kuta za huko zimejaa maandishi yao. Halafu kuna maneno mawili yanayotazamana: mzururaji na mtafutaji. Ukimwuliza kijana wa Manzese anafanya nini mjini, atakwambia anatafuta. Hana haja ya kutaja anachotafuta. Kila mtu anajua ni maisha. Mtu huyo huyo, akikutwa kona isiyo yake na asiyempenda, ni mzururaji.

Mwaka 1983 tofauti ya maneno hayo ilikuwa suala la sheria. Katika operesheni ya Nguvu Kazi, watu wasio na kitambulisho cha kazi walikamatwa mitaani hapa Dar na kupelekwa vijijini. Wengi walirudi, kwa miguu au kwa kudandia malori. Miguu ilikuwa ile ile na barabara ile ile, ila karatasi mfukoni ndiyo iliyoamua kama wewe ni mtafutaji au mzururaji.

Nikiwa na hilo akilini, ndipo ninapoisikiliza hoja ya wanaopinga. Chukua kazi inayosifiwa sana ya Francis Alÿs, Mbelgiji aliyehamia Mexico City mwaka 1986. Mwaka 1997 alisukuma bonge la barafu katika mitaa ya jiji hilo kwa zaidi ya saa tisa, mpaka likayeyuka lote. Video yake ni ya dakika kama 5. Mwanzoni bonge ni kubwa, anainama nalo kama mtu anayesukuma gari bovu. Mwishoni limekuwa kijibarafu anachokipiga teke huku akitembea, kisha kinabaki kidimbwi cha maji. Kichwa cha kazi hiyo kinasema kwamba wakati mwingine kufanya jambo hakuzai kitu.

Nenda Feri, kwenye soko la samaki, alfajiri. Utakuta watu wanasukuma barafu juu ya mikokoteni, wamezifunika kwa magunia, wanakimbia. Wanakimbia kwa sababu kila dakika ya jua ni hasara, na mwenye samaki hanunui maji. Niliwahi kumweleza msukuma mkokoteni mmoja pale kuhusu video ya Alÿs. Hakucheka wala hakukasirika. Aliuliza: “Na ile barafu, nani aliilipia?”

Swali hilo ndilo kiini cha pingamizi. Msanii anayeweza kupoteza bonge zima la barafu ana kitu nyuma yake: tiketi ya kurudi, kampuni ya bima, mwaliko wa mwaka ujao. Kutangatanga kwake ni chaguo, na chaguo lina mlango wa kutokea. Aliyefukuzwa hana mlango. Mzamiaji akigunduliwa katikati ya bahari, hatima yake iko mikononi mwa nahodha. Kuziita hali hizi mbili kwa jina moja ni kumnyang'anya mtu kitu cha mwisho alicho nacho, yaani ukweli kwamba hakupenda. Hoja hii naikubali karibu yote. Msanii wa hapa aliyewahi kunyimwa viza ya siku kumi ya kuhudhuria maonyesho ya kazi yake mwenyewe (nawajua zaidi ya mmoja) ameonja kidogo tofauti hiyo. Picha yake ilivuka mpaka kwa barua pepe, yeye akabaki.

Hata hivyo wanaopinga wakifika mbali zaidi, wakasema msanii hana haki kabisa ya kuufananisha utafutaji wake na uhamisho, hapo nasimama. Historia ya sanaa ya jiji hili inawapinga.

Vinyago vya Mwenge havikuota Mwenge. Vilikuja na watu waliokimbia kazi za shuruti za Wareno na kodi zao, wakavuka mto, wakafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Lindi na Tanga, na jioni wakachonga. Mtindo wa mashetani, yale maumbo yenye jicho moja na kiungo kilichojipinda, ulianza na Samaki Likankoa, mchongaji kutoka Msumbiji, huku huku ugenini. Nyumbani hakukuwa na mnunuzi wa kitu kama hicho wala sababu ya kukichonga. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa kusini karibu na Tunduru mwaka 1932, alipitia mashamba ya mkonge Tanga kabla ya kufika Dar es Salaam, na ilipofika 1968 hivi alianza kupaka rangi za kung'aa juu ya vipande vya ubao laini wa dari. Alikuwa anatafuta, kwa maana ya Manzese. Kutafuta chakula na kutafuta mtindo vilikuwa kazi moja ya siku moja, na alipouawa mwaka 1972 alikuwa amefanya miaka minne tu iliyozaa shule nzima ya uchoraji.

Jiji lenyewe lilikuwa makao ya waliohamishwa. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa hapa tarehe 25 Juni 1962. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na ofisi zake hapa kuanzia 1963 hadi 1994. Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa hapa tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu. Watoto wa mitaa ya Upanga, Ilala na Msasani walikua wakisikia Kireno, Kizulu na Kishona uani. Kwa hiyo mtu akiniambia kuwa video kuhusu uhamisho ni mtindo wa wazungu tulioubeba ili tupate ufadhili, namjibu kwamba ufadhili labda ni wa kwao, ila habari ni ya kwetu.

Na kuna sababu inayohusu chombo chenyewe. Kamera ya video ya kubebwa begani, ile ambayo Sony walianza kuiuza mwishoni mwa miaka ya 1960, ilimfaa mgeni kuliko kifaa kingine chochote. Haikuhitaji maabara ya kusafisha filamu, kikundi cha mafundi wala studio. Nam June Paik, ambaye wengi humtaja kama baba wa sanaa hii, alikuwa mtoto wa Seoul ambaye familia yake iliikimbia vita ya Korea. Leo kifaa hicho kimeingia kwenye simu ya kila mkimbizi, na simu hiyo ndiyo anayoificha ndani ya nguo kabla ya kuficha pesa.

Sasa nirudi kwenye neno la Mzee, kwamba kalamu inakwenda haraka mno. Naliona kuwa ndilo pingamizi zito kuliko yote, na halihusu haki ya msanii wala ufadhili. Linahusu muda.

Sisi watu wa mjini tunamwona mkimbizi kama mtu anayetembea. Tunapenda picha ya foleni ndefu barabarani. Foleni hiyo ilikuwepo kweli: mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa saa 24 hivi. Siku moja, usiku mmoja. Baada ya hapo? Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 na bado ina watu. Kuna waliozaliwa mle, wakaoa mle, wakazika mle. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 haimruhusu mkimbizi kutoka eneo alilopangiwa bila kibali. Warundi waliokuja mwaka 1972 na kuwekwa Katumba, Ulyankulu na Mishamo walingoja miongo minne, mpaka mwaka 2014 watu karibu 162,000 kati yao na watoto wao walipopewa uraia wa Tanzania. Siku za kutembea katika maisha ya mkimbizi zinahesabika kwa vidole. Zilizobaki zote ni za kukaa. Anakaa na kadi, anakaa kwenye foleni ya mahindi, anakaa akisubiri jina lake libandikwe ubaoni.

Kwa hiyo sanaa inayoonyesha uhamisho kama kutembea inaonyesha sehemu ndogo na kuiita yote. Na hapa ndipo ninapomwonea huruma kijana na sanduku lake. Anatembea dakika 20 kwa nguvu zake zote, lakini rafiki yake hakutembea. Rafiki yake alijikunja ndani ya meli kwa siku nyingi, halafu akakaa chini ya daraja miezi akitazama taa za bandari.

Ajabu ni kwamba video ndiyo sanaa inayoweza kukaa. Kinyago hakina saa. Picha ya kuchora unaitazama kwa muda unaotaka. Video ina dakika zake na inakutaka uzilipe. Mona Hatoum alizaliwa Beirut mwaka 1952 kwa wazazi wa Kipalestina, na mwaka 1975 akiwa ziarani London vita ya Lebanon ikaanza, asiweze kurudi. Mwaka 1988 alitoa video ya dakika 15, Measures of Distance. Hakuna anayetembea ndani yake. Kuna picha za mama yake akioga, zimetulia, na juu ya mwili wa mama kumetandazwa mistari ya barua alizomwandikia binti yake kwa Kiarabu, kama pazia la waya. Sauti ya binti inasoma tafsiri ya barua hizo kwa Kiingereza, taratibu. Nyuma yake, mama na binti wanaongea Kiarabu na kucheka, kicheko cha wanawake wawili walio peke yao bafuni. Barua ya mwisho inaeleza kuwa posta ya mtaani imelipuliwa, hata barua zenyewe sasa hazitapita.

Niliiona video hiyo pamoja na mama mmoja wa Kariakoo, mtu mzima, ambaye bibi yake aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu maisha yake yote. Hakuyaelewa maneno, lakini mkono aliutambua. Alisema ule mkunjo wa herufi ni wa mtu anayeandika akiwa amepakata karatasi, si mezani. Sina njia ya kulithibitisha hilo, ila niliporudia kutazama sikuona tena waya. Niliona mapaja ya mtu aliyekaa chini.

Upande wa uzuri nao una mgogoro wake. Vertigo Sea ya John Akomfrah, ya 2015, huonyeshwa kwenye skrini tatu pana kwa dakika 48. Akomfrah alizaliwa Accra mwaka 1957, na baada ya mapinduzi ya 1966 yaliyomwondoa Nkrumah, mama yake alilazimika kuondoka naye Ghana. Kwa hiyo haongei habari ya kuazima. Kazi yenyewe inachanganya nyangumi, mawimbi, barafu ya kaskazini, biashara ya utumwa na watu wanaokufa maji leo wakijaribu kufika Ulaya. Ni nzuri mno, na wanaoilaumu husema hicho ndicho kinachowasumbua: macho yanashiba, dhamiri inalala. Wanaoitetea wanasema maiti wa baharini hawana kaburi, na uzuri ule ndiyo sanda waliyonyimwa. Mimi niko na watetezi hapa, japo si kwa moyo wote. Sanda huvishwa mtu mmoja mmoja. Bahari ya skrini tatu inaweka wengi pamoja, na sijui majina yao.

Khalili mwenyewe ameonyesha pande zote mbili za jambo hili katika kazi moja. Baada ya zile video nane alitengeneza picha nane za kuchapishwa, akaziita The Constellations. Ndani yake zile njia zimegeuka nyota: nukta nyeupe kwenye buluu, zimeunganishwa kwa mistari, nchi zimetoweka, mipaka imetoweka. Mkosoaji atasema mateso yamegeuka pambo la sebuleni. Mimi mtoto wa pwani nazitazama nikamkumbuka nahodha wa jahazi, ambaye nyota kwake hazikuwa pambo bali ndizo zilizomwambia pa kwenda. Wazee wetu walipanda kwa kuangalia Kilimia kinazama lini na kuzuka lini. Lakini kwenye picha zile sauti hakuna, na hapo ndipo naanza kusita. Kwenye video namsikia mtu. Mmoja wao ni kijana wa Kipalestina anayetaka kwenda kumwona mchumba wake, kutoka Ramallah hadi Jerusalem ya Mashariki. Umbali huo haufiki kilomita 20, kama kutoka hapa Mwenge hadi Mbagala. Kalamu yake inazunguka milima na vizuizi kama mtu aliyepotea, lakini hajapotea. Anajua barabara zote. Ukiondoa sauti yake ukabakiza nukta na mstari, umemwondoa mchumba.

Katika masimulizi ya pwani kuna mtu wa kale zaidi aliyehamishwa na bado akatunga: Fumo Liyongo. Alitoroka akaishi msituni, akarudi, akafungwa, akahukumiwa kufa. Akiwa gerezani, walinzi walikuwa wakila vyakula vizuri alivyopelekewa na mama yake. Akatunga wimbo, akampa kijakazi Saada aupeleke, na ndani ya wimbo kulikuwa na ombi: mkate wa pumba, na tupa ndani yake. Mkate ukaja. Walinzi wakaudharau, wakamwachia. Usiku ngoma ya gungu ikapigwa kwa nguvu, watu wakicheza tungo zake, naye akakata pingu huku mlio wa tupa ukizama kwenye mlio wa ngoma.

Naupenda mkasa huu kwa sababu unaonyesha utafutaji wa kisanii na uhamisho vikikutana mahali halisi. Liyongo hakuimba kuhusu kifungo chake. Wimbo ulibeba kitu, ukakipeleka kwa mtu fulani, naye akauelewa. Kwa kila video ya uhamisho ninayoitazama sasa naulizia ile tupa: imetumwa kwa nani, na ndani yake kuna nini cha kukatia? Ya Hatoum inayo. Ni kicheko kile kilichovuka vita. Video nane za Khalili zinayo, maana mtu aliyekuwa nukta kwenye ramani ya polisi ameishika ramani yeye. Zile ninazoziona kila mwezi za mtu anavuta sanduku zina ngoma tupu.

Lakini wimbo wa Liyongo ulifika kwa sababu Saada alikuwepo kuupeleka. Video za Khalili zilikuwa MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, mwaka 2016, na mwaka 2024 zilikuwa Venice, kwenye maonyesho makubwa yaliyopewa kichwa chenye maana ya wageni kila mahali. Ni heshima iliyostahili. Hata hivyo watu wenye njia kama zile, waliopo Mbagala, Keko na Nyarugusu, hawako kwenye orodha ya watazamaji. Hili halimlaumu msanii. Linatudai sisi. Everlyn Nicodemus, mzaliwa wa Marangu aliyehamia Sweden mwaka 1973, alileta maonyesho yake ya kwanza ya peke yake hapa, Makumbusho ya Taifa, mwaka 1980. Rehema Chachage, aliyezaliwa hapa Dar mwaka 1987, alisomea sanaa Cape Town, na kazi zake za mwanzo za video zilitokana na kujiona mgeni huko. Baadaye alirudi kwa mama yake na bibi yake, kwenye masimulizi na mila za wanawake wa ukoo. Nafasi Art Space pale Mikocheni ipo tangu 2008, na makontena yake yameonyesha video nyingi. Njia ya kurudi ipo. Ni nyembamba, na inaishia mahali ambapo mama lishe wa Mikocheni anapita nje ya geti asiingie.

Tunao pia utamaduni wa kutazama ambao wasanii wa video wameupuuza: kibanda umiza. Mabenchi, joto, televisheni moja, na DJ anayetafsiri papo hapo, anayeongeza vionjo, anayewaita wahusika majina ya mtaani. Msafi wa sanaa atashtuka nikisema video ya Hatoum iwekwe pale. Anahofia kelele, na hofu yake ina msingi: sauti ile ya taratibu itamezwa, na kile kicheko cha bafuni kinahitaji ukimya. Sitaki DJ aongee juu yake. Ningependa tu mtu akae pembeni na kusoma barua zile kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida, kama anayemsomea bibi asiyeona vizuri.

Tulipokuwa tunaondoka Mwenge jioni ile kijana hakuwa ameliacha sanduku lake, na sikumshawishi aliache. Atapiga video yake, ni yake. Ila alimwomba babu yake kitu kingine: aweke kamera juu ya mkono, uso usionekane, Mzee achonge na kueleza njia ya baba yake kutoka Mueda hadi Ruvuma hadi kwenye mkonge, bila kukata hata dakika moja.

Mzee akauliza itachukua muda gani.

“Kadiri utakavyochukua, babu.”

“Kipande hiki kina siku tatu,” akasema, akionyesha gogo. “Na baba alikaa mtoni wiki mbili akingoja mtumbwi. Hapo sitasema kitu. Nitapiga tupa tu. Utaweza kukaa?”

Kijana akasema ataweza, akaanza kuuliza kuhusu umeme wa kuchaji betri. Jirani wa kibanda cha pili akasema ana waya mrefu.